Ufunguo Niliouota

Jumatatu, 6 Mei

Kompyuta imekufa. Si kuzimia, kufa! Nimeikalia.

Najitetea hapa kwa kuwa hakuna mahali pengine pa kujitetea. Sikuikalia kwa uzembe. Asubuhi niliificha chini ya mto wa sofa ili wezi wasiione, jioni nikarudi kutoka kazini miguu imeniisha, nikajitupa. Wezi hawakuja. Nimekuja mimi. Kioo kikasema kra! Mpango ulikuwa mzuri, ila mwenye mpango ni mzito.

Mke wangu hakupiga kelele. Ni mwalimu, sauti yake anawawekea watoto wa watu. Aliuliza jambo moja tu: sauti ya Baba iko salama?

Sauti ya Baba ni hivi. Marehemu baba mkwe alikuwa fundi cherehani. Mwaka juzi nilinunua simu mpya, nikaenda nayo kwake kumringia. Niliiweka mezani katika chumba chake cha kushonea, ikarekodi karibu alasiri nzima. Cherehani inakwenda tatata, mzee anapiga mluzi, mara anakisemesha kitambaa kama mtu anayembembeleza mtoto mkaidi. Basi. Rekodi nikaihamishia kwenye kompyuta, simuni nikaifuta. Mwaka jana akatutoka. Mama mkwe alizoea kusinzia kwa mlio wa ile cherehani tangu aolewe, na tangu mzee aondoke hajapata usingizi wa maana. Anasema nyumba imenyamaza mno. Alhamisi anakuja kukaa nasi hadi Jumapili, na mke wangu amemwahidi kwamba ataisikia.

Nikamwambia mke wangu atulie. Mimi si mtu wa kukurupushwa! Nakala ipo. Iko kwenye seva ya shemeji, kaka yake, upande wa pili wa mji, tena imefungwa kwa neno la siri ambalo hata ibilisi hajalisikia.

Alinitazama kidogo. Nikaenda kuoga.

Jumanne, 7 Mei

Neno kuhusu shemeji. Mji mzima unamheshimu isipokuwa mimi. Ana duka la kutengeneza kompyuta, na nyuma ya duka kuna chumba chenye baridi ambamo seva yake inakoroma mchana kutwa ikiwatunzia watu mafaili. Sisi anatutunzia bure. Na cha bure kutoka kwa shemeji lazima ukigeuze ukitazame chini! Huyu ni mtu anayesoma ujumbe wako akiwa amesimama nyuma ya bega lako. Aliwahi kunitengenezea simu, akanirudishia mbele ya familia huku akiuliza kwa nini nimejipiga picha nyingi hivyo za kisogo. Nilikuwa nafuatilia upara. Ni mambo ya mtu na kichwa chake.

Kwa hiyo nilijipanga. Nina programu inayolikatakata faili kuwa chembechembe, halafu inaifunga kila chembe hapa hapa nyumbani kabla haijatoka mlangoni. Kwake zinafika takataka tupu. Azikodolee macho mpaka yamtoke. Na akithubutu kubadilisha hata chembe moja, siku ya kuzirudisha programu itapiga kelele. Mtunzaji simwamini, lakini mzigo nimeufunga kamba mwenyewe. Nilipoufunga mwaka juzi nilitembea siku nzima najisikia mrefu.

Leo nimeazima kompyuta ya mke wangu, ile anayotungia mitihani. Nimeweka programu, nimeita seva. Kimya. Aha! Nikavaa viatu.

Nimemkuta shemeji amechuchumaa anaipangusa seva vumbi kwa brashi ya kupakia rangi. Akanipokea kama kawaida yake, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: karibu, Bwana Kitunguu! Wateja wakageuka. Ameniita hivyo tangu mwaka juzi na sijawahi kumuuliza sababu, maana kuuliza ni kumpa raha. Nadhani ni chakula changu cha mchana. Akasema seva ilizimwa ili isafishwe, itawaka sasa hivi, na mzigo wangu upo vilevile nilivyouacha. Alisema kwa upole mno. Mtu safi hasemi kwa upole vile.

Nikarudi nyumbani. Seva ikaitika. Chembe zangu zote zikajipanga kwenye kioo, nyingi, nzuri, kama mchanga mweupe. Programu ikaniomba kwa adabu niandike neno la siri. Nikainua vidole.

Vidole vikabaki hewani.

Nimesahau! Nimesahau kabisa! Nilikaa pale mpaka pazia lilipoacha kucheza. Mke wangu akachungulia, akauliza vipi. Nikasema seva ya kaka yake ina kasoro. Akampigia kaka yake papo hapo. Kaka yake akasema iko sawa. Wakazungumza kidogo, wakacheka, akakata simu, akanitazama tena vile.

Jumatano, 8 Mei

Niandike jinsi neno lenyewe lilivyopatikana, huenda mkono ukakumbuka.

Nilisoma mahali kwamba neno la siri lisiwe jina la mtoto wala tarehe ya kuzaliwa. Liwe maneno kadhaa yasiyohusiana kabisa. Sasa mtu mwenye akili timamu atayatoa wapi maneno yasiyohusiana? Mimi nauza magodoro. Siku moja, baada ya chakula cha mchana, nilijinyoosha kidogo kwenye godoro la maonyesho lililo karibu na dirisha, kwa nia ya kulikagua. Jua lilikuwa linaingia limechoka. Nikaota ndoto tamu ambayo sijawahi kuota tena. Nilipoamka nikaona mwanga wa pili: vitu vyote vya ndoto ile, kwa mpangilio vilivyokuja nao, ndilo neno la siri! Nani atalipata? Mwizi anaweza kuvunja mlango, anaweza kuvunja dirisha, lakini ndotoni mwangu ataingilia wapi?

Sikufikiria kwamba na mimi siku moja ningebaki nje.

Nakumbuka palikuwa na ndege. Kuku, nahisi. Na kitu cheupe, kingi. Na mwishoni kelele fulani ya kufurahisha. Nimejaribu kuku, ukungu, kengele. Programu imekataa. Kuku, pamba, ngoma. Imekataa. Haichoki wala haikasiriki, inasema tu kwamba neno si sahihi, kama karani aliyekula akashiba.

Basi nimepata mpango. Ndoto haikumbukwi. Ndoto inarudiwa! Niingie pale pale nilipoingilia mara ya kwanza.

Bosi alipokwenda ghala, nikaenda dirishani. Duka letu mchana ni pahali pa amani. Magodoro yamesimama pande zote yanameza sauti, feni inajizungusha kwa uvivu, hata honi za barabarani zinafika zimevaa soksi. Nikavua viatu. Nikalala chali, mikono kifuani.

Niliota. Nilimwota Bosi.

Nilipofumbua macho Bosi alikuwa amesimama juu yangu, na kando yake mume na mke, watu wazima, wamenitazama kwa makini. Mama akauliza kama huyu mtu anauzwa pamoja na godoro. Mzee akasema hahitaji maelezo zaidi, ameona kwa macho yake linavyofanya kazi. Wakachukua mawili. Bosi akabaki mdomo wazi, hajui anifukuze au anipandishe cheo. Akaamua kuninyamazia.

Nami nikamuuliza, kama mtu asiye na haraka, lile godoro la maonyesho la mwaka juzi lilikwenda wapi, maana hili si lenyewe, hili lina springi. Akasema nimesahau nini tena, si nilimuuzia shemeji yangu mimi mwenyewe, na nikampigania punguzo?

Kila njia inaishia kwa yule mtu!

Alhamisi, 9 Mei

Mama mkwe amefika. Mdogo wa umbo, mkali wa macho, na amekuja na mto wake mwenyewe chini ya kwapa. Anasema usingizi wenyewe ni wa kubahatisha, hawezi kuutafuta kwenye mto wa ugenini. Nikampokea begi. Akaniita mwanangu, akaniuliza habari za kazi, akasifu pazia.

Hakuligusia lile jambo mpaka chai ilipomiminwa. Kisha akauliza kuhusu ile sauti kwa kushusha pumzi, jinsi watu wanavyouliza habari za mgonjwa aliyelazwa. Nikasema inaandaliwa. Nikasema sauti iliyokaa mbali muda mrefu huchukua siku mbili tatu kupata joto. Sijui nilikitoa wapi kitu kile. Akatikisa kichwa kwa kuelewa, akasema hata yeye akitoka safari ndefu huwa hivyo hivyo. Niliona haya, nasema kweli. Nilitamani angenigombeza.

Nikamuuliza, ili kubadilisha mazungumzo, saa zile zote za kukosa usingizi anazifanyia nini. Akasema zamani alikuwa anahesabu vifungo vya mashati ya marehemu, akaacha kwa sababu alikuwa analia. Siku hizi anapitia moyoni kitu kimoja cha kuchekesha, polepole, tangu mwanzo hadi mwisho, na akifika mwisho anaanza tena mpaka kunapambazuka. Nikauliza kitu gani. Akanitazama, akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Mke wangu naye akageukia dirishani, mabega yanamtikisika. Nikadhani nina kitu puani. Nikaenda kujitazama kwenye kioo. Sina.

Mchana nilikuwa nimejaribu mpango mdogo wa katikati. Nimekula chakula kile kile nilichokula siku ya ndoto, pamoja na kitunguu kibichi, nikavaa shati lile lile, ambalo limekuwa dogo, nikalala nimeketi kule stoo. Sikuota kitu. Giza tupu, na nimeamka na kiu.

Hakuna njia. Lazima nikalale kwa shemeji.

Ijumaa, 10 Mei

Siku ya hatari.

Nimeomba ruhusa ya saa mbili kazini. Nimekwenda nyumbani kwa shemeji wakati nikijua yuko dukani, nimevaa kofia ya kampuni, nina futi ya kupimia mkononi na kalamu sikioni. Kalamu sikioni hufungua milango mingi. Mke wa shemeji ni muuguzi, alikuwa ametoka zamu ya asubuhi na miguu yake iko kwenye beseni. Nikamweleza kwamba duka linakagua magodoro yote yaliyouzwa, ni huduma mpya, haina malipo. Akauliza ukaguzi wenyewe unafanywaje. Nikasema kwa kulala. Akauliza kwa muda gani. Nikasema inategemea na godoro. Akanitazama kama anavyowatazama wagonjwa wanaodai hawaogopi sindano, kisha akanionyesha chumba na kuacha mlango wazi.

Godoro lilikuwa lenyewe! Nililitambua kwa mgongo, kama mtu anavyotambua kiti cha nyumbani kwao. Chumba kilikuwa kimya, kina harufu ya sabuni ya kufulia. Mwanga wa alasiri ulipita kwenye pazia la kijani na kutambaa ukutani taratibu. Mbali huko mtu alikuwa anagonga msumari, anapumzika, anagonga tena. Nikapima upande mmoja kwa futi, kwa ajili ya uaminifu. Kisha nikalala.

Na ikaja! Ilikuja yenyewe, kwa mlango ule ule. Niko mbele ya dirisha dogo, dirisha la kukatia tiketi, na nyuma ya kioo ameketi ndege. Si kuku! Mdomo wake ni bapa. Ni bata, amevaa miwani, ananingojea niongee. Nikatia mkono mfukoni kutoa nauli. Mfukoni mna kitu cha mviringo. Bata akafungua mdomo wake bapa, akasema kwa sauti nzito: Bwana Kitunguu, umevua viatu lakini?

Nikaamka. Ni shemeji, amesimama mlangoni na vikombe viwili vya chai.

Akaniuliza hali ya godoro. Nikasema lina uvimbe upande wa kushoto. Akasema uvimbe wenyewe ni mimi. Akacheka mpaka chai ikamwagika sahanini, na mkewe kule sebuleni akacheka pia, nikasikia maji ya beseni yanapiga. Nikafunga futi yangu kwa heshima.

Lakini hakunifukuza. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akanipa kikombe, akaniuliza kwa sauti ya chini kama lile faili linafunguka. Akasema Mama anangoja. Akasema na yeye pia anangoja, maana yeye ndiye mtoto wa mzee aliyeshinda akipigana na kompyuta na hakuwahi kurekodi hata kikohozi chake. Nilikuwa karibu kabisa kumwambia ukweli.

Nikamwambia huenda seva yake imeharibu chembe zangu.

Akakishusha kikombe chake. Akasema hajawahi kuzigusa. Akasema bomba lilipopasuka kule nyuma ya duka, diski ya kwanza kuichomoa ilikuwa ile yenye mzigo wangu, akakaa nayo mapajani kwenye teksi, imefungwa kwa koti lake, na vitu vya wateja akavirudia baadaye. Alisema hivyo akiitazama chai yake.

Diski mapajani, ndani ya koti, muda wote huo! Nimeliandika. Linatia shaka.

Faida ya leo: bata.

Jumamosi, 11 Mei

Niandike yote.

Wamekuja wote. Shemeji na mkewe kwenye sofa (ile ile), mke wangu kwenye mkono wa kiti, Mama mkwe katikati na mto wake mapajani. Kompyuta mezani. Wamevaa vizuri, nguo za kwenda kumpokea mtu stesheni. Hakuna aliyekuwa na haraka, na hilo ndilo lililonitoa jasho.

Nikaandika bata, wingu, kengele. Imekataa. Bata, theluji, filimbi. Imekataa. Nikakohoa. Nikasema seva leo imeamka vibaya. Shemeji akashika magoti yake. Mke wangu akasema jina langu, lile analolitumia nikiwa kwenye matatizo makubwa.

Mama mkwe akasema tusigombane. Akasema sauti si bado inapata joto? Ngoja basi atuchekeshe kidogo wakati tunasubiri, atusimulie kile kitu chake cha alfajiri. Shemeji akajiziba uso kwa mikono. Mke wangu akasema Mama, usimsimulie mwenyewe! Mama mkwe akasema kwa nini nisimsimulie mwenyewe, ndoto si yake?

Ndoto gani, nikauliza. Sauti yangu ilitoka mbali.

Akasema, ile ya bata, mwanangu.

Akajiweka sawa, akafumba macho, akaanza kwa utaratibu wa mtu anayetembea nyumbani kwake bila taa. Bata anakata tiketi. Mkwe wangu anatia mkono mfukoni atoe nauli, anatoa kitunguu. Bata anakinusa, anasema chenji hakuna. Anamwonyesha ngazi. Anapanda, anapanda, ngazi inaishia kwenye bwawa la maziwa, vuguvugu, halina ng'ombe wala mwenyewe. Katikati ya maziwa kuna kinyozi amesimama wima, hazami. Ananyoa mwavuli. Na mwavuli, ukishanyolewa, unajitazama kwenye maziwa, unapendezwa, unapiga tarumbeta. Hapo mke wa shemeji akapiga tarumbeta kwa mdomo, kwa mazoea, na wote wakaangua kicheko.

Wanaijua wote! Mwaka juzi wote, mwaka jana wote! Nilimsimulia mke wangu jioni ile ile kwa sababu ilikuwa tamu mno kukaa nayo peke yangu, na sikumwambia kwamba ni siri kwa kuwa kumwambia ni siri kungekuwa ni kuitoa siri. Yeye akampigia mama yake. Mama yake akampigia mwanawe. Na mwanawe tangu siku hiyo amekuwa akinitangazia neno langu la siri mbele ya wateja, mchana kweupe, kila ninapofika!

Nikageukia kompyuta kama mtu anayejikuna. Bata, ngazi, maziwa, kinyozi, mwavuli, tarumbeta. Imekataa! Nikamtazama shemeji, nikajua, amenigusia chembe. Ndipo Mama mkwe, bado amefumba macho, akajifuta machozi ya kicheko na kusema kwamba yeye katika ndoto nzima anachokipenda zaidi ni kile kitunguu. Mtu mzima na heshima zake, nauli ni kitunguu.

Bata, kitunguu, ngazi, na vingine vyote mpaka tarumbeta.

Ikafunguka.

Chembe zikaanza kurudi. Programu inazikagua moja moja, polepole, na mwishoni ikaandika taarifa yake: zote ziko kamili, hakuna hata moja iliyoguswa. Shemeji akauliza imeandika nini. Nikamwambia ni mambo ya kiufundi.

Kisha cherehani ikaanza. Tatata, kimya, tatata. Mluzi ukaja juu yake, ule wa kupanda na kushuka usiofika popote. Mama mkwe hakulia. Alishika mto wake kwa mikono miwili na kichwa chake kikaanza kufuata mwendo wa sindano. Shemeji alikuwa anatazama sakafu. Tukamsikia mzee anakiambia kitambaa kitulie basi, si anakipendezesha.

Halafu mluzi ukakatika, na pakasikika mkoromo. Tukamtazama Mama. Macho wazi. Tukatazamana. Mkoromo ulikuwa ndani ya kompyuta. Ulikuwa wangu! Mimi wa mwaka juzi, nilikwenda kuringa na simu nikalala kwenye benchi la fundi. Na baba mkwe, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwa kuwa nilikuwa nimelala, akaiambia cherehani yake: taratibu, taratibu, mkwe kapitiwa na usingizi. Ikapunguza mwendo. Tat. Tat. Tat.

Nimelia. Naandika hivyo hivyo, nimelia mbele ya shemeji, na shemeji akanipa leso yake, nikaipokea.

Tulipogeuka Mama mkwe alikuwa amelala. Kaegemea bega la mwanawe, mdomo wazi kidogo, mto umeangukia miguuni. Shemeji hakuthubutu kuusogeza mkono. Hakuna aliyesimama. Tulikaa vile tukisikiliza mpaka jua lilipohama kutoka kwenye meza likaenda kwenye kabati, na lilipohamia mlangoni yeye bado alikuwa amelala.

Jumapili, 12 Mei

Mama mkwe ameondoka. Shemeji amemwekea sauti yote kwenye kiredio kidogo chenye kitufe kimoja. Bonyeza, mzee anashona. Bonyeza, ananyamaza. Hakuna kufuli, hakuna neno la siri, hakuna chochote! Nikapinga. Nikasema mtu yeyote akikiokota anabonyeza tu na kusikia. Mke wangu akasema ndiyo maana yake. Mama mkwe akakitia ndani ya foronya ya mto wake, akanibariki, akapanda gari.

Shemeji akaniaga: haya, Bwana Kitunguu. Nikamwitikia. Safari hii haikuniuma sana.

Nikarudi nikitafakari. Yule mtu amekuwa na mzigo wangu tangu mwaka juzi. Na ufunguo wake, mzima, pamoja na tarumbeta! Angeweza kuufungua siku yoyote, na hakufungua. Mtu mwepesi angesema basi, shemeji ni mwaminifu, tuachane na makufuli. Lakini mimi nimeishi mjini. Nimelipima jambo hili kwa pande zote na nimeona kosa lilipo.

Ndoto ilikuwa fupi.

Jumatatu, 13 Mei

Asubuhi njema! Mama mkwe amepiga simu. Amelala hadi jua limetoka, majirani wamemgongea mlango wakidhani anaumwa. Mke wangu alicheka na kulia kwa pamoja. Nami nimefurahi mpaka nimechelewa kazini.

Na nimeota! Karibu na alfajiri, ndoto ndefu ajabu, ina vyumba na vyumba, ya kwanza haioni ndani. Nimeamka nikaketi kwenye kompyuta kabla hata ya kunawa uso, nikayafunga upya mafaili yetu yote, picha za harusi, vyeti, mitihani ya mke wangu ya muhula mzima, kila kitu, kwa neno jipya lenye vitu vyote vya ndoto hiyo kwa mpangilio. Nimeyapeleka kwa shemeji. Zile nakala zisizofungwa nimezifuta zote, kwa usalama. Kile kiredio hawakunipa nafasi ya kukifikia.

Kosa la mwaka juzi silirudii. Mke wangu alipouliza kwenye chai kwa nini natabasamu, nilimsimulia ndoto, ndiyo, ni ya kupendeza mno na yeye ni mke wangu, lakini nilimruka kwa akili! Kitu kimoja sikukitaja. Kile kilichokuwa katikati, chenye kubeba ndoto yote. Amekwishampigia mama yake, na sasa hivi nimepita mbele ya duka la shemeji nikaitwa Bwana Treni ya Sabuni. Nikatabasamu tu. Aseme. Wana kila kitu isipokuwa kile kimoja, na kile kimoja kiko hapa kichwani kwangu, mahali ambapo hakuna seva wala shemeji.

Duka limetulia. Bosi yuko ghala. Feni inazunguka, na jua linaingia dirishani limechoka.

Kilikuwa na miguu, hilo nina hakika. Mitatu. Au kilikuwa kinaruka.